Maji kwanza: historia ya waliokataa petroli na gesi, toka ziwa Edward mpaka Kivu

Maji yanayopita mbele ya komine ya Kasuku hayaanzi Maniema. Sehemu yake imetoka mbali. Ziwa Kivu linamwaga maji yake katika mto Ruzizi, Ruzizi inaingia ziwa Tanganyika karibu na Uvira, Tanganyika nayo inatoka kwa mlango mmoja tu, mto Lukuga pale Kalemie, na Lukuga inajiunga na Lualaba huko jirani ya Kabalo. Toka hapo mto unapita Kongolo, unaingia Maniema na kushuka mpaka Kindu.

Hii si habari ya kuogopesha watu. Tanganyika ni ziwa kubwa mno, na maji yanaweza kukaa ndani yake miaka mamia kabla ya kutoka. Uchafu wa Kivu wa leo hautafika kwenye bidoni ya mama wa Kasuku kesho. Lakini njia ya maji ndiyo hiyo, na familia nyingi zilizokimbilia Kindu zimefuata njia ya kushuka kama hiyo, kwa miguu, kwa pikipiki na kwa mitumbwi. Wengine wametoka mahali ambapo, kabla ya vita vya sasa, wananchi walisimama kuuliza swali moja wakati makampuni ya petroli na gesi yalipofika: maji yetu yatakuwaje?

Mahali palipouliza swali hilo kwa sauti kubwa ni ziwa Edward, ndani ya hifadhi ya Virunga. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1925, wakati wa Wabelgiji, ikiitwa hifadhi ya Albert. Mwaka 1979 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia. Juni 2010 ordonansi ya rais ikakubali mkataba wa petroli juu ya kipande kinachoitwa Blok 5, kinachofunika sehemu ya hifadhi na sehemu ya ziwa. Kampuni yenye kuongoza kazi ilikuwa SOCO, ya London. Machi 2011 waziri wa mazingira wa wakati ule, José Endundo, alikataa masomo ya mazingira yaliyoletwa na makampuni, akasema kazi isimame mpaka uchunguzi mpana ufanyike. Ilisimama kwa karatasi. Kwenye uwanja watu wa kampuni waliendelea kuja.

Kwa mtu wa Kindu, Vitshumbi ni rahisi kuelewa. Ni kijiji cha wavuvi kwenye ukingo wa kusini wa ziwa Edward. Ziwa ndilo shamba lao na ndilo bomba lao. Samaki anayeuzwa ndiye anayelipa shule, na maji ya kupika yanachotwa pale pale mitumbwi inapofungwa. Kyavinyonge na Nyakakoma ni hivyo hivyo. Kampuni iliahidi kazi, barabara na minara ya simu. Wapo waliofurahi, na si haki kuwadharau: kijana asiye na wavu wala mtumbwi akiahidiwa mshahara, atasikiliza. Lakini wavuvi wengi walipiga hesabu nyingine. Petroli ikimwagika mtoni mtu anaweza kungoja ipite. Ikimwagika ziwani inabaki. Na Edward halibaki peke yake: maji yake yanatoka kwa mto Semuliki kwenda ziwa Albert, na kutoka huko yanaingia Nile.

Mashirika ya raia ya Goma, kama IDPE, yalichukua malalamiko hayo na kuyapeleka nje ya kijiji. Wanachama wao walipata vitisho. Mlinzi mkuu wa hifadhi kwa sekta ya kati, Rodrigue Katembo, alijaribu kuzuia kampuni isijenge mnara wa simu ndani ya hifadhi. Septemba 2013 alikamatwa na kuteswa, akafungwa siku 17. Mwaka 2017 alipewa zawadi ya Goldman, inayotolewa kwa watu wanaotetea mazingira. Tarehe 15 Aprili 2014 mkurugenzi wa hifadhi, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi barabarani kati ya Goma na Rumangabo, siku ile ile aliyokuwa ametoka kwa mwendesha mashtaka wa Goma kupeleka ripoti juu ya kampuni. Alipona. Kampuni ilikana kuhusika kwa namna yoyote. Juni ya mwaka ule Human Rights Watch ilidai uchunguzi juu ya mashambulio na vitisho kwa wale waliokuwa wakipinga petroli.

Shinikizo lilitoka pande mbili kwa wakati mmoja, na hapa ndipo siri ya ushindi wao ilipo. Ndani, wavuvi na wanaharakati. Nje, WWF ilipeleka malalamiko Uingereza mwezi wa Oktoba 2013, na kampuni ya Ufaransa Total ilikuwa imeshatangaza mwezi wa Mei wa mwaka ule kwamba haitaingia ndani ya mipaka ya Virunga. Tarehe 11 Juni 2014 SOCO na WWF wakatoa tangazo la pamoja: kampuni itamaliza vipimo vyake vya ziwani, kisha haitachimba mpaka UNESCO na serikali ya Kongo wakubaliane kwamba kuchimba hakuharibu urithi wa dunia. Wengi kijijini hawakuamini, na walikuwa na sababu. Tangazo liliacha mlango wazi. Machi 2015 serikali ya waziri mkuu Matata Ponyo, mtoto wa Maniema, ilisema inataka kuzungumza na UNESCO juu ya mipaka ya hifadhi. Mwisho wa mwaka 2015, hata hivyo, SOCO ikasema haina tena Blok 5. Hakuna kisima cha petroli kilichochimbwa ziwani.

Wakati huohuo hifadhi ilijenga kitu kingine. Kule Matebe, kwenye mto Rutshuru, kituo cha umeme cha maji kilifunguliwa Desemba 2015, chenye nguvu ya megawati karibu 13. Wapinzani wa petroli walipenda kukionyesha, kwa sababu kilijibu wale waliokuwa wakiuliza: mkikataa mafuta, mtaleta nini?

Habari za gesi zinazotoka ng'ambo ni za namna nyingine, na zinachanganya watu. Kule Marekani gesi iko ndani ya mwamba mgumu. Ili itoke, kampuni inachimba chini sana, kisha inasukuma maji mengi yaliyochanganywa na mchanga na dawa za kemikali, kwa nguvu kubwa, mpaka mwamba upasuke. Kisima kimoja kinameza maji ya maelfu ya mita za ujazo, na sehemu ya maji hayo inarudi juu ikiwa michafu. Ufaransa ilikataza kazi hiyo kwa sheria ya tarehe 13 Julai 2011. Afrika Kusini, katika nchi kavu ya Karoo, wafugaji na wakaaji walipigana na mpango wa Shell, na serikali ikasimamisha vibali mwezi wa Aprili wa mwaka ule ule. Huko hoja haikuwa ngumu: eneo lisilo na maji haliwezi kuyatoa kwa kupasua mawe.

Kivu ni tofauti. Hakuna mwamba wa kupasua. Gesi imo ndani ya maji yenyewe, chini kabisa, kama ilivyofungwa ndani ya chupa ya soda. Wataalamu wanahesabu metani yake kuwa karibu kilomita za ujazo 60, na gesi kaboni, ile inayoua bila kuwaka, mara tano yake, karibu 300. Kila mtu wa Goma anajua neno mazuku, upepo mbaya unaokaa mabondeni na kuua mbuzi, na wakati mwingine watoto. Ni gesi kaboni hiyo hiyo. Agosti 1986 ziwa Nyos, kule Kameruni, lilitoa gesi yake kwa ghafla usiku, na zaidi ya watu 1,700 wakafa. Nyos ni dogo sana mbele ya Kivu.

Kwa sababu hiyo, swali la Kivu si rahisi kama la Edward. Kuacha gesi ndani ni hatari. Kuitoa vibaya ni hatari pia. Bomba linateremshwa zaidi ya mita 300, maji yanapanda, gesi inatengwa, na maji yaliyobaki yanarudishwa chini. Yakirudishwa juu mno, yanaweza kuvuruga matabaka ya ziwa: maji ya chini yenye chumvi na mbolea yanachanganyika na yale ya juu, mahali watu wanapochota na sambaza wanapoishi. Upande wa Rwanda kituo cha KivuWatt kinatoa umeme wa megawati 26 tangu mwaka 2016 hivi, na wataalamu wanalifuatilia ziwa kwa vipimo. Wavuvi wa Idjwi na wa pwani ya Kongo walikuwa na haki ya kuuliza nani atapima upande wao, na matokeo yatasomwa kwa lugha gani.

Mei 2021 swali hilo liliingia kila nyumba ya Goma. Nyiragongo ulilipuka tarehe 22. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi, jenerali Constant Ndima, aliamuru sehemu kubwa ya mji ihame, akisema moto ulikuwa chini ya mji na chini ya ziwa. Watu mamia ya maelfu walikwenda Sake, Minova, Rutshuru na Bukavu. Ziwa halikulipuka. Lakini tanki na mabomba ya maji yaliharibiwa na lava, na karibu watu nusu milioni walikosa maji safi. Goma ilijua kiu zamani: LUCHA, iliyozaliwa huko mwaka 2012, ilijulikana mapema kwa kampeni yake ya kudai maji ya bomba.

Mwaka mmoja tu baada ya mlipuko, Julai 2022, rais Tshisekedi alifungua mnada wa vipande 27 vya petroli na vitatu vya gesi, vyote vitatu ndani ya Kivu: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Vipande vingine vya petroli vilirudi kugusa Virunga. Greenpeace na mashirika mengine ya Kongo walipinga, na mwezi wa Oktoba 2024 waziri Aimé Sakombi Molendo alifuta mnada wa vipande 27, akieleza kwamba maombi hayakuwa ya kutosha. Vile vya gesi vilikuwa vimeshapewa makampuni tangu mwanzo wa 2023. Mwaka 2025 serikali ikarudi na vipande vipya 52 vya petroli katika bonde la kati la nchi.

Sheria zipo. Katiba, katika kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa, na kifungu cha 53 haki ya kuishi katika mazingira safi. Sheria ya hidrokaboni ya Agosti 2015 inadai masomo ya mazingira, lakini inaacha nafasi ya kuondoa sehemu ya hifadhi kwa ajili ya petroli. Wazee wa Maniema wanajua namna hiyo ya karatasi. Symétain ilianza mwaka 1932 kuchimba bati huko Kalima, Wabelgiji wakaondoka, kampuni zikabadilisha majina, bei ya bati ikaanguka mwaka 1985, na kilichobaki kwa wananchi ni mashimo yaliyojaa maji na vijito vyenye matope.

Mashauriano na wananchi ndiyo sehemu ya sheria iliyowasaidia wavuvi wa Edward kupata nafasi ya kusema, hata kama mara nyingi walisema chini ya vitisho. Mashauriano hufanyika mahali, na watu waliopo. Machi 2024 waasi wa M23 waliingia Vitshumbi. Januari 2025 waliingia Goma. Kamati za wavuvi zilizokuwa zikisaini barua zimetawanyika. Wengine wako ng'ambo, wengine wako porini, wengine wamefika Kindu na kupanga kwenye nyumba za ndugu. Ikiwa siku moja karatasi za gesi zitafunguliwa tena pale Goma au Kinshasa, anayechota maji ya ziwa leo anaweza kuwa mtu mwingine, na aliyejua kuuliza atakuwa Kasuku, kwenye foleni ya bidoni, mbele ya bomba la Regideso.