Kabla ya Kamera, Mtoto Alipigwa Picha ya Kivuli

Hebu fikiria ni mwaka 1790. Kamera haijavumbuliwa na una mtoto wa miaka mitatu. Ukitaka picha yake lazima utafute mchoraji wa rangi, na bei yake ni ya matajiri. Enzi hizo ndui na surua zilimaliza watoto wengi, na mtoto akienda, sura yake inaenda naye.

Watu wa kawaida Ulaya na Marekani wakapata njia rahisi: kivuli. Mtoto anakaa kiubavu kati ya mshumaa na karatasi, mtu anafuatisha kivuli chake, kinapakwa weusi au kinakatwa kwa mkasi, kisha kinatundikwa ukutani. Hiyo ndiyo silueti. Jina limetokana na Étienne de Silhouette, waziri wa fedha wa Ufaransa mwaka 1759, aliyebana matumizi mpaka watu wakawa wanakiita kitu chochote cha bei ya chini kwa jina lake. Sisi tukianza mchezo huo na mawaziri wetu hatutamaliza.

Shida ni kwamba mtoto hatulii. Akigeuka kidogo tu, kivuli kimeharibika. Mfaransa Auguste Edouart alikuwa anamwangalia mtoto tu na kumkata kwa mkasi papo hapo, bila mshumaa. Alikunja karatasi nyeusi ikatoa nakala mbili: moja ya familia, nyingine anaiweka kwenye albamu zake, na jina na tarehe. Alikusanya maelfu hivyo, na nyingi zikapotea baharini meli yake ilipozama mwaka 1849. Shika hiyo ya nakala ya pili, tutairudia.

Sasa twende Philadelphia. Charles Willson Peale alikuwa na jumba la makumbusho, na wanawe aliwapa majina ya wachoraji wakubwa: Raphaelle, Rembrandt, Rubens. Raphaelle na Rembrandt aliwafundisha rangi. Moses Williams, kijana mweusi aliyekulia utumwani kwenye nyumba hiyo hiyo, aliachiwa mashine ya kufuatisha nyuso na mkasi. Aliachwa huru mwaka 1802. Mwaka uliofuata, kwa hesabu ya Peale mwenyewe, picha 8,880 zilikatwa pale, kila moja senti 8. Kwa kazi hiyo Moses alijinunulia nyumba. Familia ngapi zilimkumbuka mtoto wao kwa mkono wake? Na kuna silueti moja yenye jina lake ambayo kwa miaka mingi ilisemekana ni kazi ya Raphaelle, hadi watafiti wakaanza kusema huenda aliikata Moses mwenyewe.

Kuna nyingine inauma zaidi. Connecticut imehifadhiwa silueti ya msichana aitwaye Flora, miaka 19, pamoja na hati ya mwaka 1796 inayoonyesha aliuzwa kwa pauni 25. Kivuli ni kile kile cha watoto wa sebuleni. Lakini mtoto wa sebuleni alichorwa kwa sababu anapendwa. Flora, picha yake imetufikia pamoja na bei yake.

Kwa hivyo mimi naona swali la picha halijawahi kuwa ni nzuri au mbaya. Swali ni nani anaishika, na kwa faida ya nani.

Leo mtoto anazaliwa Pumwani asubuhi, jioni uso wake uko kwa simu za watu elfu mbili. Nakala ya pili ya Edouart sasa iko kwa kampuni ambazo hata ofisi zao hatujui. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ruhusa ya mzazi kabla mtu atumie data ya mtoto, na 2023 shule moja hapa Kenya ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ruhusa hiyo. Sawa kabisa. Lakini mzazi mwenyewe akiposti, nani atamuuliza?

Wasee wenye watoto na wadogo zao, jaribuni hii: mweke mtoto kiubavu mbele ya dirisha jioni, piga picha mwanga ukiwa nyuma yake. Utapata pua, nywele, kidevu cha babake. Shosho akiiona atamjua hapo hapo. Mtu baki ataona kivuli tu. Ichapishe, itundike sebuleni. Ile yenye uso mzima mwachie mwenyewe aamue akikua.