Siti binti Saadi na Kiunguja cha Ng'ambo

Mwaka 1928 una mambo mawili ambayo wanahistoria wa lugha yetu huyaweka katika vitabu mbalimbali, ilhali yanastahiki ukurasa mmoja. Mwezi Machi, mwanamke wa Unguja asiyejua kusoma wala kuandika alikuwa Bombay, akiimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice ili sauti yake itiwe kwenye santuri. Mwezi Juni, mjini Mombasa, maofisa wa serikali za kikoloni na wamisionari walikutana wakaamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Hilo la Juni tulilisomesha vyuoni miaka nenda miaka rudi, pamoja na Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930. Lile la Machi tulilitaja kwa kupitia tu, kama pambo la somo. Nadhani tulilipima kwa ratili pungufu.

Siti alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Jina hilo halikuwa la mzaha: baba yake Mnyamwezi, mama yake Mzigua, na utumwa haukupigwa marufuku Unguja hadi 1897. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kufinyanga vyungu na kuvitembeza. Mwaka 1911 akahamia mjini, na huko Ng'ambo akakutana na Ali Muhsini aliyemfundisha kuimba kwa kufuata ala. Cheo cha "Siti" alikuja kupewa baadaye na watu.

Msomaji asiye wa Unguja aelewe Ng'ambo ni nini. Mji Mkongwe ulitengwa na mitaa ya mashariki kwa mkono wa bahari, na waliokaa upande wa pili, Kikwajuni yetu ikiwemo, wakaitwa watu wa ng'ambo. Mkono ule umekwisha kufukiwa, ila jina la Darajani limebaki likishuhudia. Taarabu ilikuwa mali ya upande wa mawe. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka Mohamed bin Ibrahim Misri kujifunza muziki, na kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa 1905 kiliimba kwa Kiarabu. Waliokuwa wakisikiliza wengi wao hawakufahamu maneno. Walitikisa vichwa kwa heshima ya lugha ya Msahafu na utamu wa kanuni.

Siti na wenzake, Subeti bin Ambari, Mbaruku, Buda na Maalim Shaabani, waliifungua taarabu hiyo kwa Kiswahili. Kiarabu na Kihindi aliviimba pia alipotakiwa, lakini kilichoiteka Ng'ambo ni kusikia habari zake yenyewe zikisemwa kwa vina. Hukumu ya mahakamani asubuhi, ugomvi wa mume na mke, tajiri aliyedhulumu, vyote vilipita barazani, vikatiwa mizani, vikaimbwa. Mwaka huohuo wa 1928 wakaazi wa Ng'ambo walikuwa wakigoma kulipa kodi ya ardhi ya nyumba zao. Watu waliokuwa na mengi ya kusema walipata lugha ya kuyasemea.

Mfano ulio mkubwa ni "Kijiti". Wimbo huu unasimulia mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyetolewa matembezini Unguja, akauawa. Muuaji akavuka maji na kukimbilia bara, na mkono wa sheria ukawaangukia wanawake wawili waliokuwa mashahidi, kwa sababu ya pombe. Mtunzi hakuhubiri. Alipanga mambo kwa utaratibu wake, akamwachia msikilizaji aone nani amehukumiwa. Wanaodhani kwamba wimbo wa mtaani hauwezi kubeba hoja nzito na wausikilize huu.

Nani basi ni mtunzi? Hapa ndipo mashabiki wa ushairi hubishana. Tungo nyingi zilitokana na kikao cha kundi zima: huyu analeta habari, yule anatoa kibwagizo, mwingine anarekebisha kina kilichokwenda upande. Sioni kwamba jambo hilo linampunguzia Siti kitu. Umbo lenyewe ni la wimbo wa mishororo mitatu, mizani minane kwa minane, vina vya kati na vya mwisho, na kila mshororo unapaswa kufahamika na sikio kabla haujapita. Santuri za siku zile zilichukua takriban dakika tatu kila upande. Uimbaji uliozoea kukesha ukabanwa humo, na beti zilizobaki ilibidi ziwe zimekamuliwa hadi kiini. Anayetunga leo kwa kurefusha beti ili kujaza karatasi angejifunza mengi kwa dakika tatu hizo.

Kisha santuri zikasafiri. Zilifika pwani yote na kupenya bara, zikapigwa katika gramafoni za mikahawani, mbele ya watu ambao hawajawahi kuiona Unguja. Kamati ilikisambaza Kiunguja kwa kamusi na vitabu vya shule. Wasio na shule walikipata kwa masikio, pamoja na lafudhi, mafumbo na kejeli zake. Hiki cha pili hakikupitia mikononi mwa mhariri yeyote.

Shaaban Robert alilitambua hilo mapema. Alimwendea Siti mwishoni mwa maisha yake, naye akafariki tarehe 8 Julai 1950. *Wasifu wa Siti Binti Saad* ulitoka 1958. Mwaka 2016, Bob Dylan wa Marekani alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, dunia ilizozana kama mwimbaji ni mwanafasihi. Mshairi mkuu wa Kiswahili alikuwa amekwisha kumweka mwimbaji ndani ya fasihi miaka 58 nyuma. Hata hivyo nina neno na kitabu kile. Shaaban Robert alipenda wema, na Siti wake ni kielelezo cha subira, haya na bidii. Mwanamke mwenye ulimi mkali, aliyewajibu kwa wimbo waliomcheka kwa vyungu vyake na sura yake, anaonekana kwa mbali. Wanafunzi wetu walimwiga katika insha za maadili bila ya kumsikia hata siku moja akiimba.

Bahati nzuri walikuwepo waliomsikia. Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, alizichukua nyimbo zake kwa masikio akiwa msichana, akaendelea kuziimba, "Kijiti" ikiwemo, hadi uzeeni kabisa. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Alikuwa akiongeza ubeti pale alipoona panafaa na kuuacha mwingine, kwa namna ileile nyimbo hizo zilivyotungwa, na wanaotaka kuziandika sasa inawapasa waamue ni maneno ya usiku gani wayafuate.