Rangi ya Kijani na Hesabu ya Sumu

Mnamo mwaka 1775 mwanakemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alivumbua rangi ya kijani iliyotengenezwa kwa shaba na aseniki. Kwamba aseniki ni sumu halikuwa jambo la siri kwa tabibu yeyote wa zama zile. Hata hivyo rangi ile, na nyingine ya jamii yake iliyotokea Ujerumani mwaka 1814, zilipendeza mno, zikaenea Ulaya. Zilitiwa katika karatasi za kubandika ukutani, katika nguo za dansi, na katika maua ya bandia ambayo mabibi waliyavaa kichwani.

Maua hayo yana habari yake. Mwezi wa Novemba 1861 alifariki msichana wa London aitwaye Matilda Scheurer, mwenye umri wa miaka 19. Kazi yake ilikuwa kunyunyiza unga wa kijani juu ya majani ya maua, na kila siku aliuvuta puani na kuula pamoja na chakula chake. Kabla ya kufa alitapika maji ya kijani, na weupe wa macho yake ukageuka rangi hiyo hiyo. Chama cha mabibi walioshughulikia afya kikampelekea majani ya namna ile August Wilhelm Hofmann, mwanakemia Mjerumani aliyekuwa akifundisha mjini humo. Mwaka 1862 Hofmann akaandika katika gazeti la The Times kwamba taji moja la kawaida lilikuwa na aseniki ya kutosha kuwadhuru watu 20 hata kufa.

Kwa maoni yangu barua ile yastahili kukumbukwa kuliko uvumbuzi wa rangi yenyewe. Hofmann hakuuliza kama aseniki ni sumu. Aliuliza imo katika kitu gani, kwa kiasi gani, na karibu na mwili wa nani. Sumu iliyofungiwa chupani haimdhuru mtu mpaka ipate njia ya kumfikia.

Lakini Hofmann alikuwa na kemikali moja tu ya kupima. Marekani ilipotunga sheria ya kemikali mwaka 1976, orodha ya kwanza iliyofuata ilikuwa na kemikali zipatazo 62,000. Ni nani awezaye kusema kila moja imo katika sabuni gani, au zulia gani? Kopo la mafuta ya uso huandikwa vilivyomo. Zulia halisemi neno.

Hapo ndipo wataalamu walipogeukia umbo la molekuli, kwa kuwa umbo ndilo liipalo kemikali kazi yake. Manukato hayana budi kuruka hewani, ama sivyo pua haitayasikia. Rangi haina budi kunasa mwanga. Kompyuta hupewa maelfu ya kemikali ambazo kazi zake zajulikana, kisha huulizwa habari za ile isiyojulikana. Mwaka 2017 wataalamu wa shirika la serikali ya Marekani la kuhifadhi mazingira, pamoja na wenzao, walitangaza kanuni 41 za hesabu ya namna hiyo. Kemikali ikionekana yafaa kuwa manukato, yaweza kukisiwa kwamba itatiwa katika sabuni, itagusa ngozi, na itamwagwa pamoja na maji machafu. Huko si kuihukumu, bali ni kujua ipi itangulie kupimwa.

Sasa turudi kwenye zile karatasi za ukutani. Watu waliugua katika nyumba zao ingawa hawakuzigusa. Katika miaka ya 1890 Bartolomeo Gosio wa Italia alionyesha kwamba kuvu iotayo juu ya karatasi yenye unyevu hutoa gesi ya aseniki, yenye harufu kama ya kitunguu saumu. Na katika miaka ya 1930 Frederick Challenger, mjini Leeds, akaitambua gesi hiyo ni ipi. Wataalamu wabishana hata leo kama gesi ndiyo iliyowaua watu, au ni vumbi la rangi. Kompyuta ikionyeshwa molekuli ya Scheele ingejibu kwa haki kwamba hii ni rangi. Juu ya kuvu na ukuta wenye unyevu isingekuwa na la kusema.