Kabla ya Prado la zamani kuvuta tela: Mambo 7 ya kukagua

Morogoro. Prado, Pajero au Patrol la miaka ya 1990 likiwa na injini nzima linaweza kuvuta tela la mahindi, tofali au tanki la maji bila kulalamika. Ndiyo maana wenye magari wengi huuliza swali moja tu: Litavuta? Swali la kwanza lilitakiwa kuwa: Litasimama?

Kwa mkazi wa Kingolwira hilo si swali dogo. Kata hiyo ipo kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam–Morogoro, inayotumiwa na mabasi na malori yanayokwenda Iringa, Mbeya, Zambia na Kongo. Anayechepuka kwenda milima ya Uluguru, iwe kupitia Bigwa kuelekea Matombo au Mzumbe kuelekea Mgeta, anakutana na kona na miteremko mikali. Huko gari likikosa breki, tela ndilo linalolisukuma.

Haya ndiyo mambo ya kukagua, liwe tela la mizigo au karavani la kulala linalokwenda Mikumi.

1. Uzito: Hesabu kwanza, pakia baadaye

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo tanki la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, kabla ya kuhesabu chuma cha tela lenyewe. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 nayo ni tani moja.

Nchi nyingi za Ulaya haziruhusu tela lisilo na breki zake kuzidi kilo 750, mzigo ukiwa ndani. Ni kipimo kizuri cha kuanzia, ila gari lililochoka libebe pungufu ya hapo. Kiwango cha gari husika huandikwa kwenye kitabu chake. Kwa magari yaliyotoka Japani kitabu hicho mara nyingi ni cha Kijapani, hivyo mwenye gari atafute cha modeli hiyohiyo kwa lugha anayoielewa.

Tanki lililojaa nusu lina hatari yake. Maji hucheza kwenye kona na kulivuta tela upande.

2. Breki: Hapa hakuna kubana matumizi

Padi, diski, mipira ya breki na breki za nyuma vikaguliwe vyote. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri miaka inavyokwenda. Yakipata moto kwenye mteremko mrefu, unyevu huo hugeuka mvuke na pedali huzama hadi chini. Kama mwenye gari hakumbuki yalibadilishwa lini, yabadilishwe sasa.

Breki ya mkono nayo ijaribiwe mlimani, tela likiwa limefungwa.

3. Joto: Rejeta na gia boksi

Gari linalovuta mzigo hutoa joto jingi zaidi. Rejeta isafishwe, mipira yake na feni viangaliwe, na maji yawe na dawa yake.

Kwa gari la otomatiki, kinachokufa mapema ni gia boksi. Oili yake ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, gari hilo lisivute kitu mpaka fundi alione. Kwenye kupanda, kitufe cha O/D kizimwe ili gia isiwe inapanda na kushuka kila dakika.

4. Tairi: Soma namba nne

Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna namba nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Namba 2318 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na kashata nzuri kabisa huku mpira wake umeshazeeka na kupasuka nyufa.

Tairi za tela zikaguliwe vilevile, pamoja na beringi zake. Tela lililokaa uani mwaka mzima lisiingie barabarani bila beringi kupakwa grisi.

5. Kiungio: Kifungwe kwenye chesisi

Chuma cha kuvutia tela kifungwe kwenye chesisi kwa bolti, si kwenye bampa. Kabla ya hapo, chesisi isafishwe matope ili kutu na nyufa zionekane. Kuchomelea juu ya kutu ni kujidanganya.

Kichwa cha duara cha gari na kikombe cha tela lazima viwe saizi moja. Kikombe cha milimita 50 kikikaa kwenye kichwa kidogo zaidi kitaonekana kimefunga, kisha kichomoke kwenye tuta. Minyororo miwili ya akiba ipishane chini kama herufi X, ili kiungio kikichomoka mkono wa tela udakwe kabla haujagusa lami.

6. Upakiaji: Mzito uwe juu ya ekseli

Mzigo mzito ukae chini, karibu na ekseli, na sehemu kubwa kidogo iwe mbele. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela inatakiwa ilalie kwenye kiungio. Tela la kilo 600 lilalie kwa kilo 60 hadi 90, na mzani wa kawaida wa kupimia watu unatosha kupima hilo.

Mzigo ukizidi nyuma, tela huanza kuyumba. Ukizidi mbele, gari huinua pua na usukani huwa mwepesi. Springi na shokamzoba zilizolegea huongeza tatizo.

Watu wasipande kwenye tela, hata kwa safari fupi ya shamba.

7. Taa na makaratasi

Taa za breki, indiketa na taa za nyuma za tela ziwake zote. Usiku, lori linalokuja nyuma halioni taa za gari lililofichwa na mzigo. Usajili wa tela uulizwe TRA, na kampuni ya bima iulizwe kama bima ya gari inagusa tela.

Ukishaingia barabarani

Mwendo ukitoka kilomita 60 hadi 80 kwa saa, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimeza huwa karibu mara mbili. Dereva aache nafasi mara mbili ya kawaida mbele yake. Kwenye mteremko, gia ndogo iingizwe kabla ya kuanza kushuka.

Tela likianza kuyumba, dereva aachie mafuta, ashike usukani umenyooka na asikanyage breki ghafla. Kuongeza mwendo ili kulinyoosha ni kosa kubwa.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, gari lisimamishwe, nati za magurudumu zikazwe na minyororo itazamwe. Kwa anayekwenda Dar, Chalinze panafaa. Kwa anayekwenda Mikumi, asimame Doma kabla ya kuingia hifadhini. Mkono ukisogezwa karibu na kati ya gurudumu na moja likawa na joto kuliko mengine, hapo kuna beringi au breki yenye shida.

Jaribio la mwisho lifanyike kabla ya safari, kwenye barabara tupu ya tambarare na nusu ya mzigo. Kama gari linachelewa kusimama au linavuta upande, mzigo upunguzwe au ikodiwe kirikuu, na ukiwa mkubwa ikodiwe Canter. Gharama yake ni ndogo kuliko ya tela lililokatika mteremkoni.