LED ilichelewa kwa sababu ya rangi moja

Kama LED ya kwanza yenye mwanga wa kuonekana kwa macho iliwaka mwaka 1962, mbona nyumba zetu ziliendelea kutumia balbu za waya kwa miaka mingi hivyo? Swali hili limenisumbua kitambo, basi leo nimekaa chini nilijibu. Wenye haraka wanaotaka kujua balbu ya kununua tu waruke hadi mwisho, sitakasirika.

LED hiyo ya 1962 ilitengenezwa na Nick Holonyak wa General Electric, Marekani. Iliwaka nyekundu. Baadaye zikaja za manjano na kijani, zikajaa kwenye redio na vikokotozi. Lakini mwanga mweupe unahitaji bluu pia, na bluu ilikataa katakata. Sisi watu wa programu tunaijua hali hii: kazi imefika asilimia 90, halafu zile 10 zilizobaki zinakula miaka. Hapa zilikula zaidi ya 30!

Rangi ya LED hutegemea semikondakta iliyotumika. Galiamu naitraidi ilifaa kwa bluu, ila fuwele zake zilitoka na kasoro tele, wengi wakaiacha. Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waling'ang'ana nayo, na mwaka 1986 wakapata fuwele nzuri. Shuji Nakamura akafuata njia hiyo hiyo akiwa mhandisi wa Nichia, kampuni ya Tokushima iliyokuwa ikiuza unga wa fosfori. Mwaka 1993 bluu kali ikapatikana. Bonasi yake? Yen 20,000. Alishtaki mwaka 2001, na kesi ikaisha 2005 kwa makubaliano ya takriban yen milioni 840. (Waajiri mnaosoma hapa, mmesikia.) Wote watatu walipewa Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Mwaka 1996 Nichia ikaanza kuuza LED nyeupe, yaani LED ya bluu iliyofunikwa fosfori ya manjano. Rangi hizo mbili zikichanganyika, macho huona nyeupe. Balbu nyingi za leo bado hufanya hivyo. Tazama LED ya tochi ikiwa imezimwa, utaona doa la manjano.

Sasa tuje dukani. Kwa kuwa weupe huu ni mchanganyiko, kila mtengenezaji huchanganya kivyake. Kelvini 2700 ni mwanga wa manjano unaofanana na balbu ya zamani; 6500 ni mweupe wa kuelekea bluu, mimi siutaki chumbani. Tafuta pia namba ya CRI, iwe 80 au zaidi. Mchanganyiko hafifu huwa na uhaba wa nyekundu, nyanya na nyama zikaonekana zimepauka.

Wati zisikudanganye, soma lumeni. Balbu ya waya ya wati 60 hutoa lumeni 800 hivi, na LED hutoa hizo hizo kwa wati 9 tu. Ukiwasha masaa 5 kila siku, kwa mwaka ni uniti 109.5 dhidi ya 16.4. Hiyo ni balbu moja, na bei ya tokeni unaijua. Boksi lisiloandikwa lumeni mimi hulirudisha kwenye rafu. Na kabla hujalipa, hakikisha kama holda yako ni ya pini au ya kuzungusha.