Waliowafundisha Waalimu

Mwaka mmoja, tulipokuwa tukifundisha katika shule ya pwani, tuliandika ubaoni methali isemayo, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Tukawaeleza wanafunzi maana yake kama tulivyozoea, ya kwamba mtu ajapotanga sana, mwisho hurudi kwao. Mtoto mmoja akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, ngama ni nini?" Tukajibu ya kuwa ni sehemu ya chombo. Akauliza tena, "Sehemu gani?" Hapo tulinyamaza, kwa kuwa hatukujua.

Alasiri ile tuliwachukua watoto hata ufukoni, tukamwomba nahodha mmoja mzee atufundishe. Akatupandisha katika jahazi lake, akatuonyesha tezi nyuma na omo mbele, kisha akatushusha chini kabisa, pale maji yanapojikusanya. Akampa yule mtoto ndoo ayafue, akasema, "Mwanangu, baharia awe tezi, awe omo, maji yakizidi atarudi hapa." Methali ile tulikuwa tumeisoma tangu utoto, lakini siku ile ndipo tulipoifahamu.

Jambo hili lilitutia kufikiri habari za wageni waliokuja zamani kujifunza lugha zetu. Majina yao tunayajua, maana yameandikwa juu ya vitabu. Lakini ni nani waliowafundisha? Na waliwafundishia wapi?

Bwana Johann Ludwig Krapf, Mdachi, alifika Mombasa katika mwaka wa 1844. Kabla ya hapo alikuwa amekaa Uhabeshi, naye alikwisha kujifunza lugha nyingi. Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu tangu zamani, na washairi wa pwani walikuwa na tenzi zao. Lakini kwa mgeni kama yeye hapakuwa na kamusi wala sarufi ya kumwongoza. Basi ilimpasa kuketi na wenye lugha. Mwezi wa Juni mwaka ule ule alianza kufasiri Kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Mwezi wa Julai mkewe akafa kwa homa, na mtoto wao mchanga naye akafa. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Hata hivyo hakuondoka. Sarufi yake ilipigwa chapa mwaka wa 1850, na kamusi yake kubwa ilitoka mwaka wa 1882, baada ya kufa kwake.

Aifunguaye kamusi ile ataona ya kuwa haikuandikwa na mtu aliyejifungia chumbani. Mara nyingi neno moja hufuatwa na habari ndefu za desturi, za vyakula, za samaki na miti, na jinsi watu wa Mombasa walivyosema. Maneno yale yalitoka vinywani mwa watu walipokuwa katika shughuli zao.

Mwenziwe, Bwana Johannes Rebmann, alifika mwaka wa 1846, wakakaa pamoja Rabai. Huyu aliandika kamusi ya Kinyasa, lugha ya watu wa upande wa Ziwa Nyasa, ijapokuwa ziwa lile hakulitia machoni hata siku moja. Aliwezaje? Mjini Mombasa alikuwako mtumwa jina lake Salimini, aliyetekwa kwao akaletwa pwani. Katika miaka ya 1850 Rebmann aliketi naye, akauliza na kuandika. Kamusi ile ilitoka mwaka wa 1877, na Rebmann alikuwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia, hali amepofuka macho.

Tufikiri jambo hili, ndugu wasomaji. Salimini alinyang'anywa nchi yake, jamaa zake, na uhuru wake. Kitu kimoja tu hakikuweza kunyang'anywa, nacho ni lugha ya mama yake. Na kwa kitu hicho alikuwa mwalimu wa mtu aliyesoma kuliko yeye. Hata hivyo, maneno ya mtu mmoja aliye mbali na kwao hayatoshi kuwa lugha nzima. Maneno ya shamba hutaka shamba, na maneno ya ziwa hutaka ziwa. Rebmann alikosa vitu hivyo. Alikuwa na Salimini peke yake, na kumbukumbu yake.

Sasa tuvuke kwenda Unguja. Mwezi wa Agosti, 1864, walifika huko Askofu Tozer na Dakta Edward Steere, Waingereza. Hawakukaa sana kabla Sultani Majid hajawapa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Baadaye watoto wengine wengi wa namna hiyo waliletwa, Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, na wavulana wakakaa katika shule ya Kiungani. Hawakuwa na lugha moja. Kiswahili walikipata kwa kukitumia: jikoni, kisimani, mchezoni, na katika kazi ya kupiga chapa, ambayo Steere aliwafundisha. Mwaka wa 1887 kikatolewa kitabu cha Kiingereza kiitwacho "Kiungani", chenye habari ambazo wanafunzi wa misheni ile waliziandika wenyewe juu ya makwao na kutekwa kwao.

Steere naye alikuwa mwanafunzi. Alisikiliza hadithi za watu wa Unguja akaziandika kama zilivyosimuliwa, zikapigwa chapa mwaka wa 1870, pamoja na kitabu chake cha kufundishia Kiswahili. Kiunguja hicho ndicho kilichochaguliwa mwaka wa 1928, katika mkutano wa Mombasa, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu tunachofundishia hata leo. Basi kila mwalimu ashikapo chaki, amesimama juu ya kazi ya wasimulizi wale, ambao wengi wetu hatuwajui hata kwa majina.

Hapa tuna neno la kuwaambia waalimu wenzetu. Twafundisha watoto kana kwamba lugha huanzia kitabuni, nao hujifunza kumdharau babu asiyejua kusoma. Kumbe kitabu chenyewe kilianzia kwa babu. Tena wakati hautungoji. Vyombo vya injini vinazidi, na vijana wengi hawajui tena foromali wala demani. Afapo nahodha mzee, maneno yake hufa naye, na methali hubaki ganda tupu. Ndivyo ilivyo kwa mhunzi, mfinyanzi na mkunga.

Twashauri hivi. Kila muhula, kila darasa liende mara moja kwa mzee mmoja mwenye kazi yake, litazame, lishike kazi kwa mikono, liulize. Yaandikwe maneno yaliyopatikana, na juu ya karatasi liandikwe jina la yule aliyeyatoa.

Yule mtoto wetu aliandika katika daftari lake: "Ngama ni pale maji yanapojikusanya chini ya chombo." Chini yake akaliandika jina la nahodha, na mbele ya jina hilo akatia neno moja: Mwalimu.