Sikio la Dola na Ua wa Raia



Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa methali hiyo watawala wengi wamehalalisha kumpeleleza kila raia, kusikiliza simu zake na kufungua barua zake. Methali ni ya kweli. Lakini hakuna mwenye akili achomaye kanzu nzima kwa ajili ya chawa mmoja. Historia ya Arua na Koboko yatufundisha jambo hilo kwa gharama kubwa.

Baada ya mapinduzi ya Januari 1971, Idi Amin, mwenye asili ya Koboko, aliunda idara ya upelelezi iliyoitwa State Research Bureau, yenye makao Nakasero, Kampala. Mwaka uo huo amri ya serikali iliwapa wanajeshi uwezo wa kukamata raia. Mwaka 1972 amri nyingine ikaikinga serikali isishtakiwe, na mwezi Septemba Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka akanyakuliwa Mahakama Kuu, asirudi tena. Sikio la dola likawa halina wa kulihoji.

Wapo waliodhani kuwa West Nile ingesalimika, kwa kuwa mtawala alikuwa mwana wao. Haikuwa hivyo. Machi 1974 maiti ya Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, iliokotwa katika mto Nile. Mwezi huo huo Brigedia Charles Arube, Mkakwa, alikufa katika jaribio la kumpindua Amin.

Amin alipoanguka Aprili 1979, deni lilidaiwa kwa wasiohusika. Tangu Oktoba 1980, baada ya askari wake wa zamani kushambulia kutoka ng'ambo ya mpaka, majeshi ya serikali mpya yalilipiza kisasi juu ya raia. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa humo. Maelfu kwa maelfu walihamia Zaire na Sudan.

Tuutazame mfuatano huo. Upelelezi usio na sheria hauandiki jina la mkosaji. Waandika kabila na wilaya. Askari akabidhiwaye orodha ya namna hiyo hawezi kumtenga adui na mkulima. Na mkulima amkimbiaye askari hatamwambia kamwe ni nani aliyepita kijijini usiku.

Hatusemi dola izibe masikio. Mabomu ya Kampala ya tarehe 11 Julai 2010 yaliua watu zaidi ya 70, na adui wa namna hiyo hana budi kusikilizwa kabla hajatenda. Lakini sheria ya kunasa mawasiliano iliyopitishwa mwaka huo yataka hati ya jaji, na ibara ya 27 ya Katiba ya 1995 yailinda siri ya nyumba na ya barua.

Hati hiyo isidhaniwe kuwa pingu kwa mlinzi. Ni ngao yake. Serikali hubadilika na tume za uchunguzi huja. Siku hiyo, aliyetenda kwa hati atakuwa na la kujibu. Aliyetenda kwa neno la mkubwa atabaki peke yake.